Miaka Minne Si Muda Mfupi

Kwa miaka sita niliandika hotuba za kiongozi mmoja mkoani Mtwara, na nyingi zilikuwa za misiba. Kosa ninaloliungama nililitenda mwaka 2016, katika mazishi ya fundi wa pampu za maji, kwenye kijiji kimoja wilayani Masasi.

Taarifa ya msiba ilinifikia usiku, na mazishi yalikuwa kesho yake saa nane mchana. Nilifungua kompyuta, nikaitafuta hotuba niliyowahi kumwandikia mwalimu mstaafu aliyefariki, nikabadilisha jina, umri na kazi. Mengine niliyaacha vilevile: marehemu alikuwa mtu wa watu, mchapakazi hodari, ameacha pengo lisilozibika, amefikwa na mauti baada ya kuugua kwa muda mfupi. Sikumpigia simu ndugu hata mmoja. Dakika kumi zilinitosha, nikalala.

Kiongozi wangu aliisoma kwa majonzi ya kweli, maana aliniamini. Alipotamka "muda mfupi", wanawake waliokaa mkekani waligeuka wote kumtazama mjane. Yeye aliinama, akavuta kanga usoni.

Baada ya mazishi nilikwenda kumpa mkono wa pole. Hakujua kwamba hotuba ile niliiandika mimi. Aliona tu kuwa nimekuja na msafara. Akanishika mkono, akasema taratibu, "Mwanangu, baba yenu aliugua miaka minne. Nilimgeuza kitandani, nikamlisha, nikamwogesha. Miaka minne si muda mfupi."

Nikamjibu, "Pole sana, mama," nikaenda kupanda gari. Hilo ndilo kosa la pili, na kwangu ni zito kuliko la kwanza. Nilimwacha aamini kwamba serikali ndiyo iliyoona uuguzi wake si kitu, ilhali mzembe nilikuwa mimi.

Wala siwezi kusema sikujua hotuba ya msiba inavyopaswa kuwa. Tarehe 15 Desemba 2013 nilimsikiliza Rais Jakaya Kikwete akimuaga Nelson Mandela kule Qunu. Alisimulia habari za buti. Mandela alipita Tanganyika mwaka 1962, akaziacha buti zake kwa mwenyeji wake akitumaini kurudi kuzichukua. Badala yake alikamatwa, akafungwa miaka 27. Familia ile ilizitunza mpaka zikamrudia mwenyewe. Jozi moja ya viatu ilieleza urafiki wa nchi mbili kuliko sifa zote nilizozizoea mimi. Niliisifu hotuba ile kwa wenzangu, kisha nikaendelea kunakili.

Na fundi wetu naye alikuwa na buti zake. Siku ile ile, chini ya mkorosho, nilisikia wazee wakisimulia kwamba mfuko wa shati lake haukukosa washa za pampu. Ikiharibika usiku, aliamka na spana zake, ili alfajiri kina mama wasiende kufukua mchanga mtoni kutafuta maji. Simu moja tu ingetosha kunipa habari hizo.

Maneno ya kiongozi mbele ya jeneza ni ushahidi unaotolewa mbele ya kijiji kizima. Marehemu hayasikii. Wanaoyasikia ni waliomuuguza, na wanapima kama taabu yao imeonekana. Nilipoandika uongo ule mdogo, nilimnyang'anya mama yule miaka minne ya maisha yake.

Siku ya arobaini nilirudi peke yangu, nikamweleza kila kitu. Alinyamaza kitambo. Kisha akanivutia kigoda, akanisimulia tangu siku ya kwanza mumewe aliposhindwa kuinua spana. Alipomaliza akaniambia, "Haya, mwanangu. Andika sasa."

Nikatoa karatasi, nikaandika mbele yake: aliugua miaka minne, akiuguzwa na mkewe.