Kiti cha Saa ya Baba

Septemba 2002 vita ilipoingia Nyankunde, baba alitukimbiza kwa miguu mpaka Oicha. Mali iliyobaki ni saa yake ya mkono, ile ya kutiwa ufunguo. Alipofariki, mama aliifunga kitambaani, akaiweka sandukuni. Hakuna aliyeitazama tena.

Mwaka huu tukanuia kuifanyia kiti. Tulitwaa ubao wa libuyu, tukakata kitako kipana, na kipande cha mviringo chenye unene wa kifundo cha mkono, ili mkanda ukae bila kukazwa. Kipande cha kwanza kilipasuka, kwa kuwa tulitoboa tundu la kuungia karibu na ukingo. Cha pili tulitoboa katikati, polepole. Uso wa saa tuliulaza nyuma kidogo, mtu aliyeketi asome pasipo kuinama. Kisha tukapiga msasa, tukapaka nta ya nyuki.

Jioni ile mama aliitazama saa, asiseme neno. Kesho yake tulimkuta akiitia ufunguo. Basi, wapenzi, kitu cha marehemu kisifichwe, kitengenezewe mahali.