Lenga-lenga Chini ya Taa za Duka

Wengi mnanikumbuka, maana niliishi hapo Nyarugusu miaka mingi kabla familia yetu haijaletwa Kanada, mji wa Winnipeg, mwezi wa Novemba 2017. Juzi ndugu mmoja aliniuliza kwa simu: "Eti ni kweli huko mnalima ndani ya nyumba?" Ni kweli kabisa. Acha niwaeleze ilivyoanza, maana haikuanza kwa furaha.

Ilianza kwa Mama. Ninyi mnaomjua mnajua bustani yake ya magunia nyuma ya nyumba. Lenga-lenga, matembele, nyanya kidogo. Hakuwa mtu wa kukaa bure. Sasa fikirieni mtu huyo anafika mahali ambapo nje ni barafu, digrii 30 chini ya sifuri, na udongo umekuwa mgumu kama saruji. Mwezi wa Desemba huku jua linachomoza karibu saa 2 na nusu asubuhi, na saa 10 na nusu jioni limeshazama. Mama akawa anakaa dirishani na kitenge kichwani. Chakula anakigusa tu na kukiacha. Siku moja akaniambia, "Baba, nirudishe Nyarugusu. Hapa nimekuwa mzigo." Nilikosa la kujibu. Kumrudisha ningemrudisha vipi?

Wakati ule nilikuwa nimepata kazi ya kusafisha duka moja kubwa usiku. Januari 2018 mafundi wakaja kubadilisha taa zote za duka, waweke za kisasa za LED ambazo hazili umeme mwingi. Zile za zamani, taa ndefu za tyubu, pamoja na fremu na choki zake, wakazirundika mlango wa nyuma karibu na pipa la taka. Nyingi zilikuwa bado zinawaka vizuri. Mzee mmoja Mfilipino niliyefanya naye kazi akaniambia kwamba yeye huotesha miche ya nyanya kwa taa kama hizo kabla barafu haijayeyuka.

Sikuthubutu kuzichukua hivi hivi. Sisi tuliokaa kambini tunajua maana ya karatasi. Mtu akikutwa nje bila kibali, maneno yake hayasaidii. Nikamwomba msimamizi, akacheka, akasema chukua. Nikamwomba aniandikie. Akacheka tena, akaandika kwenye kipande cha boksi: fremu mbili na tyubu nne, amepewa. Akatia sahihi. Kile kipande cha boksi nikakitunza pamoja na hati zetu za safari.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na chumba cha chini, kilichochimbwa ardhini, chenye kidirisha kidogo. Nikafunga taa darini. Tukaomba ndoo tupu za plastiki kwenye mgahawa, tukazitoboa chini ili maji yasituame, tukanunua udongo wa mifuko. Mbegu tulizipata kwenye duka la Wahindi, maana nao wanakula lenga-lenga.

Siku ya nne zikaota. Watoto wakapiga kelele. Lakini baada ya wiki moja zilikuwa ndefu, nyembamba kama uzi, nyeupe-nyeupe, kisha zikaanza kulala moja baada ya nyingine. Nikasema basi, udongo wa huku ni mbaya. Mke wangu akasema, "Baba watoto, umeme tunalipa na mboga hakuna."

Mama akashuka ngazi polepole. Ilikuwa mara yake ya kwanza kushuka kule. Akaziangalia, akaangalia juu, akauliza, "Hizi taa ni za mimea ama za kusomea? Mbona ziko mbali hivi? Mboga inakimbilia mwanga, kama mahindi yaliyopandwa chini ya mwembe."

Kumbe ndivyo. Jua likiwa mbali haidhuru kitu, lakini mwanga wa tyubu unapungua haraka sana ukisogea mbali nayo. Macho yetu yanaona chumba kinang'aa, ila mmea unaona giza. Tukazifunga taa kwa minyororo, tukazishusha hadi vidole vinne juu ya majani. Tyubu haina joto kali kama balbu ya zamani, kwa hiyo haiunguzi. Mmea ukipanda, nawe unapandisha mnyororo. Tukapanda upya. Mama akasema kuwasha na kuzima ni kazi yake: anawasha saa 12 asubuhi, anazima saa 4 usiku. Safari hii miche ilikuwa mifupi, minene, ya kijani. Baada ya wiki tano tukala lenga-lenga na ugali, nje theluji inaanguka. Mama alimaliza sahani yake.

Sasa msifikiri yote yalikwenda sawa. Mwezi wa Machi mwenye nyumba akagonga mlango, uso umekunjwa. Jirani amemwambia taa zinawaka chini hadi usiku kila siku. "Mnalima nini humo?" Nilielewa anachofikiri. Kanada iliruhusu bangi Oktoba 2018, lakini wakati ule ilikuwa bado kosa kwa asiye na kibali, na walioilima kwa siri waliilima hivi hivi, ndani, chini ya taa. Jamani, miguu ilinitetemeka. Niliona watoto wangu barabarani kwenye barafu. Nikatoa kile kipande cha boksi. Hakukisoma hata. Akashuka chini.

Mama alikuwa anachuma majani. Akamkaribisha kwa Kiswahili, kama anavyomkaribisha mgeni yeyote, akampa fungu zima. Yule bwana akayanusa, akaangalia ndoo zote, uso ukalegea kidogo. Halafu akashika waya wa ekstensheni. Ulikuwa wa moto. Tulikuwa tumechomeka taa pamoja na hita ya umeme kwenye waya mmoja mwembamba. Akasema, "Mboga si tatizo. Huu waya ndio utakaoniunguzia nyumba." Alikuwa na haki. Siku hiyo hiyo taa zikapata soketi yake ya ukutani, na hita hatukuirudisha kwenye ekstensheni tena. Fungu lake aliondoka nalo. Kama alilila, sijui.

Kwa wenye ndugu huku wanaotaka kujaribu, waambieni haya. Taa za tyubu zina zebaki kidogo ndani, na zebaki ni sumu. Kijana wangu alivunja moja kwa mpira. Tulitoa watoto nje, tukafungua dirisha, tukangoja, kisha tukaokota vipande kwa karatasi ngumu na kunasa unga kwa utepe wa gundi, vyote ndani ya chupa yenye kifuniko. Usifagie, maana unasambaza. Tyubu iliyokufa haitupwi na takataka, inapelekwa panapopokelewa vitu vya sumu. Na fremu iliyotengenezwa kabla ya mwaka 1980, iache pale pale, kwa sababu choki yake huenda ina mafuta yenye sumu ya PCB. Umeme si mwingi: tyubu nne za wati 32, kwa saa 16, ni kama uniti 2 kwa siku. Sisi ilikuwa kama dola 6 za Kanada kwa mwezi.

Nanyi mlio hapo, ambao safari zenu za Marekani zilisimamishwa Januari 2025, najua habari ya taa haiwahusu leo. Lakini la mwembe linawahusu. Kama magunia yako yako kwenye kivuli cha ukuta na mboga inarefuka bila unene, usilaumu udongo kwanza. Sogeza gunia kwenye jua.

Tyubu mbili kati ya zile nne zimeshakufa, tumeweka za LED. Dukani wanauza kisaa cha kuwasha na kuzima taa chenyewe. Nilikinunua, Mama akakikataa. Bado anasema anataka kurudi Nyarugusu. Ila siku hizi anasema huku anamwagilia, na akimaliza ananiuliza nani atakuja kuchukua vipande vya matembele vya kupanda.

Anawasalimu sana, hasa majirani zake wa kisimani. Anauliza magunia yake alirithi nani. Mwenye jibu aandike kwenye jarida hili.

Mungu awalinde.