Klore ya Baraka na samaki wa Kentucky

BARAKA – Kandokando ya ziwa Tanganyika, katika teritware ya Fizi, akina mama kadhaa waliacha kusimama na bidoni zao penye meza ya klore. Sababu ilikuwa sauti moja iliyotoka kwenye simu. Aliyesema ni mtoto wa hapahapa, aliyekimbia vita akiwa mdogo, akakulia kambini Nyarugusu, Tanzania, na baadaye akapelekwa Marekani, katika jimbo la Kentucky.

Huko anafanya usafi katika maofisi wakati wa usiku. Kwa muganga mmoja wa meno kuna sanduku kubwa la kioo, lita 300, lenye maji ya chumvi, mawe na samaki wa baharini. Maji yenyewe yanachanganywa na chumvi, karibu gramu 35 kwa kila lita, ili yafanane na bahari. Mkubwa wake alimuongezea pesa kidogo alitunze, akamwambia wazi: samaki wakifa, pesa hiyo nayo imekwisha. Pesa hiyo ndiyo aliyokuwa akiituma Baraka kwa dada yake mkubwa.

Mwezi wa kwanza haukwisha kabla mawe hayajafunikwa na mwani, yale majani ya kijani yanayoteleza, marefu kama nywele. Alisugua kwa brosi kama anayesugua sufuria. Baada ya juma moja yalikuwa yamerudi, mengi kuliko mwanzo.

Akanunua kipimo. Unatia maji ndani ya chupa ndogo, unadondosha dawa, kisha unalinganisha rangi na karatasi. Upande wa fosfati, ambayo ni chakula cha mwani, kipimo kilionyesha karibu sifuri. Kijana akafurahi, lakini mwani ukazidi kuota. Mzee mmoja muuza samaki ndiye aliyemfungua macho: mwani unakula fosfati kabla kipimo hakijaiona. Akamwambia apime maji ya robine yenyewe.

Robine ilionyesha zaidi ya miligramu 1 kwa lita, wakati maji ya samaki hao yanafaa kuwa chini ya 0.1. Miji mingi ya Marekani inatia fosfati ndani ya maji ili mabomba ya zamani yasiachie risasi na kutu. Kwa mtu anayekunywa haina shida. Lakini maji yakikauka kidogokidogo, fosfati inabaki ndani ya kioo, na kila anayejaza tena anaongeza nyingine. Zaidi ya hiyo, wafanyakazi wa mchana walikuwa wakiwalisha samaki bila yeye kujua, na chakula kilichobaki kilioza kati ya mawe.

Akaacha maji ya robine ya moja kwa moja, akatumia yaliyopita kwenye mashine ya kuchuja. Chakula kikawa mara moja kwa siku. Taa, iliyokuwa inawaka saa 12, ikawaka saa 8. Kila juma akabadilisha sehemu ndogo ya maji, akaongeza konokono wanaokula mwani. Baada ya miezi miwili hivi, mawe yakaonekana tena.

Kwa furaha akamtumia dada yake ujumbe wa sauti. Katikati alisema: «Yaya, maji ya robine huku yana klore. Ukiyamwaga hivi hivi, samaki wote wanakufa.»

Dada huyo ni mmoja wa wale wanaojitolea kutia klore kwa sindano ndani ya bidoni za watu wanaochota ziwani wakati wa kipindupindu. Aliufungua ujumbe kwa sauti kubwa, mbele ya mstari. Mama mmoja aliyekimbia vita milimani akauliza: «Kama inaua samaki, watoto wetu je?» Hakupata jibu. Alibeba bidoni yake akaenda, na wengine wakamfuata.

Siku zile, mtoto wa jirani alishikwa na kuhara akapelekwa kituo cha matibabu. Alirudi akiwa mzima. Hakuna aliyejua maji gani yalimfanya augue, lakini usiku huo yaya alipiga simu Kentucky: «Mdogo wangu, umenivunjia kazi.»

Kijana hakulala. Asubuhi ujumbe wa pili ulisikika ziwani. Alieleza kwamba samaki anapumua ndani ya maji. Klore inagusa matamvua yake mchana na usiku na kuyaunguza. Inaua pia vijidudu vizuri vinavyosafisha uchafu wa samaki. «Vijidudu hivyo mimi navihitaji,» alisema. «Cha kipindupindu ninyi hamkihitaji. Kazi ya klore ni ileile. Na kipimo mnachotiliwa ni kidogo, ni cha mtu kunywa.»

Kisha yaya akachukua gilasi mbili: moja ya maji ya ziwa, nyingine kutoka bidoni iliyotiwa klore na kungojewa dakika 30. Kwa macho zote zilikuwa safi sawasawa. Akatia kidonge cha kupimia katika kila moja. Ya ziwa haikubadilika. Ya pili ikawa ya waridi, na rangi ilionyesha 0.5, ndani ya kiwango cha 0.2 hadi 0.5 kinachotakiwa.

Si wote waliorudi siku ile. Mama wa milimani alirudi kesho yake, na tangu hapo kila asubuhi anadai kuiona rangi ya waridi kabla ya kubeba bidoni yake. Yaya anamuonyesha bila kuchoka.

Kijana naye bado anatuma habari za samaki wake, lakini siku hizi ujumbe unaanza hivi: «Yaya, sikiliza kwanza peke yako.»