Mishono ya Bibi na Jani la Muwa

Mwaka 2009, nikisubiri matokeo ya kidato cha nne, nilipata kazi kwenye kibanda cha steshenari pale Ruhembe: kutoa fotokopi, kupiga laminesheni, kuchapa kadi za michango ya harusi. Kompyuta ilikuwa moja, ya kichogo, na ilifunikwa kitenge kila ilipozimwa. Msimu wa miwa ulikuwa haujafungwa, na mashamba yakichomwa jioni masizi huingia mpaka kwenye chai.

Kosa langu la kwanza lilikuwa na urefu wa mita tatu. Kikundi cha wakulima wa miwa kilileta muhuri wao tuwatengenezee bango. Nikauskani, nikapata picha yenye upana wa nukta 200, nikaivuta mpaka ikajaa bango zima, faili likaenda kuchapwa Morogoro. Liliporudi, muwa wa katikati ya muhuri ulikuwa ngazi tupu. Hesabu yake ningeweza kuifanya mapema: mita tatu gawa kwa 200, kila nukta inakuwa mraba wa sentimita moja na nusu. Mwenyekiti aliuliza kama tumemchorea matofali.

Bibi ndiye aliyelielewa lile bango kabla yangu. Alikuwa akitarizi vitambaa vya makochi kwa mshono wa msalaba, anahesabu matundu kimyakimya: matatu mekundu, moja jeupe, mawili ya kijani. Ua lake ukilitazama kutoka mlangoni ni la mviringo; ukilisogelea ni vijiraba.

"Ua kubwa linataka matundu mengi, mjukuu wangu," aliniambia. "Siyo matundu makubwa."

Fundi aliyekuwa akinifundisha kazi pale kibandani alicheka nilipomsimulia, kisha akaazima kioo cha fundi saa na kunifungulia ukurasa mtupu. Nikaweka jicho kwenye skrini nyeupe. Hapakuwa na weupe: palijaa chembe nyekundu, za kijani na za bluu, zote zinawaka. Kila rangi kati ya hizo tatu ina ngazi 256 za mwanga, na ukizichanganya unapata rangi 16,777,216. Bibi alikuwa na nyuzi tisa.

"Sasa dogo, acha kuhesabu matundu," fundi akasema. "Chora mstari."

Akanifungulia CorelDRAW, programu ya kuchorea. Kumbe tangu 1963, kule MIT nchini Marekani, Ivan Sutherland alikuwa ameshachora mistari kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga, na mashine ikaikumbuka kama mistari inayoweza kurekebishwa. Na mikunjo tuliyoitumia inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia kusanifu mabodi ya magari. Sidhani kama alipata kusimama katikati ya shamba la miwa, lakini jani la muwa ni mkunjo wake kabisa. Unaweka nukta moja shinani, nyingine nchani, na kila moja ina mkono usiochapwa unaouvuta mstari. Mkono wa shinani niliuelekeza juu, wa nchani nikaupeleka pembeni; jani likapanda, likajikunja, likalegea kama yale ya nyuma ya kibanda yakilowa mvua. Nukta nne tu, ukihesabu na ncha za ile mikono miwili. Ukilikuza, kompyuta inapiga hesabu upya, na ukingo unabaki laini.

Muwa ule ulinichukua siku tatu. Umeme ulikatika mara mbili sijasevu.

Bango la pili tulilitandika uani kwa bibi kabla ya kulikabidhi. Akavaa miwani, akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa jani kutoka shinani hadi nchani. Kisha akashika pembe na kuligeuza, maana mtarizi hukaguliwa kwa mgongo wa kitambaa, huko ndiko anakoficha mafundo. Nyuma kulikuwa kweupe.

"Huyu," akasema, "uzi wake kaupitisha wapi?"