Nguo Kavu Katika Shanta la Msafiri

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mzigo ulioko begani mwa mtu mwingine huonekana mwepesi kwa yule asiyeubeba. Katika safari ya kundi mlimani methali hii ni onyo, kwa kuwa alichokisahau mmoja hutolewa katika shanta la mwingine.

Nimeyatafakari hayo tangu safari yetu ya siku saba katika Milima ya Rwenzori, iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo. Tulikuwa wanane, watumishi wa serikali na walimu. Tulianzia Nyakalengija, penye kimo cha meta 1,646, ambapo shati moja lilitosha na jasho likatutoka. Siku ya tatu tulikuwa tukielekea Bujuku, karibu na meta 4,000, ambako usiku maji huweza kuganda. Kwa wastani joto hupungua kwa nyuzi sita hivi kwa kila meta 1,000 apandazo mtu. Tena mvua ya huko haingoji masika. Hata Januari na Julai, miezi inayosemwa kuwa mikavu, huweza kunyesha kutwa nzima.

Kwa sababu hiyo, nguo za safari hiyo yafaa zigawanywe mafungu mawili. Fungu la kwanza ni za njiani: suruali nyepesi ikaukayo upesi, fulana, sweta la sufu, koti la mvua, kofia, glavu na jozi mbili za soksi. Nguo za pamba hazifai, maana hunywa maji na kukawia kukauka. Sufu, hata ikilowa, huhifadhi joto kiasi. Miguuni, gambuti ni bora kuliko viatu vya ngozi, kwa kuwa njia hupita katika matope mazito, hasa pale Bigo, ingawa sehemu nyingine zimetandikwa mbao.

Fungu la pili ni za kulalia: fulana, suruali, sweta na soksi nene. Hizi hufungwa pamoja na mfuko wa kulalia ndani ya mfuko mzito usiopenya maji, nao hukazwa mdomo. Hazivaliwi njiani kamwe. Hapa ndipo penye mtihani. Alfajiri, baridi ikiuma, nguo za jana zinaning'inia zikiwa majimaji, nazo zile kavu zimo mwilini. Moyo hushawishika kuondoka nazo. Msafiri mwenye nidhamu huzivua, akazifunga tena, akavaa zilizolowa. Baada ya mwendo wa robo saa mwili hupata joto wenyewe.

Kijana mmoja wa kundi letu alishindwa na ushawishi huo. Asubuhi ya siku ya tatu aliondoka amevaa nguo zake zote. Mvua ilitukuta Bigo, na tulipofika kambini hakuwa na uzi mkavu. Alitetemeka, ulimi ukawa mzito, na vidole vikashindwa kufungua vifungo. Hizo ni dalili za mwili kupoteza joto, na mtu huweza kufa kwa hali hiyo hata pasipo theluji. Tulimvua nguo, tukamkausha, na dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akampa sweta lake la kulalia na soksi zake. Tulimwingiza katika mfuko wa kulalia, tukamnywesha chai ya moto yenye sukari nyingi kidogo kidogo. Usiku ule kijana alilala salama. Dada yetu hakupata usingizi kwa baridi.

Kesho yake tulipumzika kambini ili kijana apate nguvu. Chakula kilikuwa kimepimwa kwa siku saba, wala hakikuwa na cha kuongeza. Hivyo tukakubaliana kuacha safari ya mbele, tukarejea kwa njia tuliyoijia.

Kwa hiyo nawashauri wanaojiandaa kwa safari kama hiyo wakutane siku moja kabla ya kuondoka, kila mtu atandike vitu vyake chini, mbele ya wenzake. Vitu vya shirika kama sufuria, dawa za huduma ya kwanza na kamba viandikwe majina ya wabebaji, ili pasipatikane sufuria tatu na kiberiti kisiwepo. Kila shanta lipimwe katika mzani. Inashauriwa lisizidi robo ya uzito wa mbebaji, yaani kilo 15 kwa mtu wa kilo 60. Kinachozidi kipunguzwe, lakini zile nguo za kulalia zisiguswe. Na ule mfuko wake ukaguliwe na mwenzake, kwani siku mvua itakapomshinda mmoja, huyo mwenzake ndiye atakayevua sweta lake.