Pointi Tatu na Mbuyu Mmoja

Nilipostaafu mwaka 2021 nilirudi nyumbani na masanduku mawili ya vitabu na gunia moja la madaftari ambayo wenyewe hawakuyafuata. Wiki iliyopita, nikitafuta hati ya kiwanja, nililikuta daftari la binti mmoja wa kidato cha sita. Jina lake sitalitaja. Wenzake walimwita Pointi Tatu, naye hakuwakasirikia.

Wasomaji walio nje ya Tanzania waniwie radhi nieleze kidogo. Katika mtihani wetu wa kidato cha sita, ambao ndio lango la chuo kikuu, alama A huhesabiwa pointi 1, B pointi 2, C pointi 3, na kuendelea hivyo hadi F yenye 7. Hujumlishwa masomo matatu ya tahasusi. Maarifa ya Jumla, ambayo wanafunzi huyaita GS, hayamo katika hesabu hiyo. Daraja la kwanza huanzia pointi 3 na kukomea 9. Basi 3 ndicho kilele, A tatu, hapana pa kupanda tena. Ni mizani ya ajabu: kila mtu hapa duniani anatafuta kuongezewa, mtahiniwa wetu anaomba apunguziwe.

Binti huyu alisoma Historia, Kiswahili na Kiingereza. Historia aliimeza. Kiingereza alikipigania usiku kwa mwanga wa simu ya mlezi wa bweni. Kilichomtisha ni Kiswahili, na anayecheka hapo hajapata kukifundisha. Mtoto aliyezaliwa akikisema huingia katika chumba cha mtihani kama anayeingia jikoni kwa mama yake, kisha hukutana na mofimu, na ngeli, na swali la diwani linalotaka hoja sita na mifano yake, akatoka jasho likimtiririka. Katika shule yetu A za Kiswahili zilikuwa adimu kuliko A za Historia.

Mwaka 2011 tulikuwa tukisoma diwani ya Kimbunga ya Haji Gora Haji, yule malenga wa Tumbatu aliyeijua bahari kabla hajajulikana na maprofesa. Shairi lililobeba jina la diwani ni fumbo: dhoruba inaupiga mji, miti minene inang'oka, myembamba inasalimika. Niliwapa swali la insha, nami nilishajiandalia majibu: mbuyu ni mtawala, kimbunga ni mapinduzi au ghadhabu ya umma, na kadhalika. Yalikuwamo katika andalio langu la somo tangu miaka mingi, yamekauka kama kuni.

Pointi Tatu aliandika mengine. Baba yake alikuwa dereva wa malori, mtu wa miraba minne, aliyeinua gunia la mahindi kwa mkono mmoja. Mama yake alikuwa na pumu tangu utotoni, na ukoo mzima ulikuwa umejiandaa kumzika yeye. Homa ya siku tisa ikamchukua baba. Mama akabaki, akauza maandazi, akamsomesha. Kurasa tatu nzima aliandika hayo, akiyarudisha kwenye shairi beti kwa beti, bila kulipotosha hata mara moja. Nilimpa 12 kati ya 20 na kuandika pembeni kwa wino mwekundu: "Usitoke nje ya swali."

Alinifuata ofisini baada ya vipindi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu."

"Mwalimu, mshairi amesema mbuyu ni mtawala?"

"Hakusema."

"Sasa kwa nini wangu si sahihi?"

Chuo cha ualimu kilinifunza mengi, malengo mahsusi, zana, namna ya kushika chaki. Jibu la swali hilo hakikunifunza, na mimi sikutulia nikalitafuta. Nilimwambia, "Baba yako hayumo katika mwongozo wa kusahihishia. Unataka pointi tatu au hutaki?"

Alisema anataka. Akachukua daftari lake, akashukuru, akaondoka. Tangu siku ile insha zake zilikuwa zangu: mtawala, umma, mapinduzi, hoja sita na mifano yake. Nilimpa 17, nikampa 18. Kwenye mtihani wa utamilifu aliongoza. Nilijisifu mbele ya walimu wenzangu kwamba kuna mtu nimemnyoosha.

Mtihani wenyewe aliufanya mwaka 2012. Matokeo yalipotoka alikuwa na pointi 4. Historia A, Kiingereza A, Kiswahili B.

Sitadai kwamba B ile ilitokana na mbuyu wangu. Huenda ni sarufi, huenda ni tafsiri, karatasi ni mbili na maswali ni mengi. Wala hakuharibikiwa. Alikwenda kusoma sheria kama alivyokusudia, na pointi ile moja haikumfungia mlango wowote. Lakini baadaye niliketi na wasahihishaji wenzangu mara kadhaa, na nililoliona ni hili: insha zilizofanana hupita mbele ya macho kama mabehewa ya mizigo, na mkono unatoa alama zile zile za katikati. Ilipotokea moja yenye mtu ndani yake, aliyeijenga hoja yake kutoka katika shairi lenyewe, msahihishaji aliinyanyua akawasomea wengine. Kila mara iliposomwa namna hiyo niliinamisha kichwa nikajifanya natafuta kalamu.

Ninyi mnaotunga mnaijua hali hii kwa upande wa pili. Yuko anayehesabu mizani 16 kwa vidole, 8 na 8, vina vikakaa vyema kati na mwisho, na shairi likawa jeneza lililorandwa vizuri. Sisemi mizani itupwe. Mimi ni wa kale katika hilo na sibadiliki.

Nyuma kabisa ya daftari, mahali ambapo sikupata kufungua, nimekuta shairi lake. Juu ya kila silabi ameweka nukta ya penseli. Ubeti wa kwanza unaanza hivi: "Mbuyu wetu walala, mchicha umesimama." Nane na nane. Mshororo wa tatu una mizani 17. Nukta ya mwisho ameizungushia duara, na hakuusawazisha. Tarehe aliyoandika chini ni ya wiki ile ile aliyokuja ofisini.

Nimeuliza kwa wenzake, nimepata anwani ya ofisi yake Mwanza. Bahasha nimenunua. Ile 12 bado ipo ukurasa wa mbele, na nimekaa nayo siku ya tatu leo nikiwaza kama niifute, au nimpelekee kama ilivyo.