Wino Mwekundu

Mwaka 2014, nikiwa nimerejea karibuni kutoka Marekani na shahada ya udaktari, nilipewa kuwafundisha insha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Miongoni mwao alikuwamo kijana Mdatoga kutoka Hanang, mrefu, mwenye sauti ndogo. Niliwataka waandike habari za mali ya kwao. Yeye akaandika juu ya rangi za ng'ombe. Kila alipoandika "ng'ombe hii ilikuja" badala ya "ng'ombe huyu alikuja" nilipiga mstari mwekundu, na kwa kuwa ng'ombe wake walikuwa wengi, mistari nayo ikawa mingi. Mwishoni niliandika maneno manne: "Kiswahili chako hakijafika chuo." Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaiacha mezani kwangu. Muhula uliofuata hakurudi.

Kijana huyo ndiye aliyenirudisha kwa Joseph White, mtu ambaye nilikuwa nimepata kumsoma zamani bila ya kumwelewa.

Nilikutana na jina la White nilipokuwa mwanafunzi California, nikijipatia posho kwa kufundisha Kiswahili. Wamarekani weusi walikuwa wengi darasani mwangu, na baadhi yao walijua kusema "ujima" na "kuumba" kabla ya kujua kusema "hujambo", kwa sababu wazee wao walisherehekea Kwanzaa, sikukuu iliyoanzishwa na Maulana Karenga huko huko California mwaka 1966. Nilitamani kujua lugha yangu ilipitia wapi hata ikafika vinywani mwao. Maktabani, katika habari za vyuo vya miaka ile, nikamkuta White kila nilipofungua.

Alizaliwa mwaka 1932 mjini Lincoln, Nebraska, akakulia Minneapolis. Mwaka 1961 alipata udaktari katika saikolojia ya tiba kwenye Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, kisha akaenda kufundisha Long Beach. Huko alipotafuta nyumba ya kuishi na jamaa zake alikataliwa kwa ajili ya rangi yake. Udaktari haukumfungulia mlango. Mwaka 1967 alisaidia kuanzisha chuoni hapo mpango wa kuwapokea vijana wa jamii zilizoachwa nyuma, ambao kwa kipimo cha kawaida wasingeingia, na kuwapa posho, mafunzo ya ziada na washauri. Mwaka 1969 sheria ya jimbo iliueneza mpango wa namna hiyo katika vyuo vya California. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa walioanzisha Chama cha Wanasaikolojia Weusi, na alikuwa mkuu wa masomo ya shahada ya kwanza katika Chuo cha Jimbo cha San Francisco wakati wanafunzi walipogoma, tangu Novemba mwaka huo hata Machi 1969, wakidai elimu itakayowatambua. Kutoka hapo alikwenda Irvine, akafundisha hata alipostaafu mwaka 1994. Alifariki mwaka 2017.

Lakini lililonikaa moyoni ni makala yake ya Septemba 1970. Hakuipeleka kwanza kwenye jarida la wataalamu, bali kwenye Ebony, gazeti la picha ambalo mtu aliweza kulisoma akingoja zamu yake kwa kinyozi. (Nadhani wengi wetu wenye udaktari tungeona haya kufanya hivyo, tungehofu kueleweka.) Wataalamu wa zama zile walizoea kusema kwamba mtoto mweusi wa mtaa maskini amepungukiwa utamaduni. White aliwageuzia swali. Mtoto anayejua kumjibu mdai mlangoni, anayetambua upesi nani mkweli na nani mwongo, huyo amepungukiwa na nini? Kilichopungua ni kipimo, maana kilitengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Kwa hiyo mshauri anayempokea mwanafunzi wa jamii ndogo akiwa na swali moja tu, "Umekosa nini?", amekwisha kumfukuza kabla hajaketi.

Wala White hakuishia kwenye kusifu. Aliwalea vijana mmoja mmoja, akawasukuma hata wakapata shahada za juu. Thomas Parham, aliyekuwa mwanafunzi Irvine miaka ya 1970, alipata udaktari katika saikolojia ya ushauri, akaandika vitabu pamoja na mwalimu wake, na mwaka 2018 akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la California, Dominguez Hills. Sikubaliani na White katika kila jambo. Kusema juu ya nafsi ya watu weusi kana kwamba ni moja kunanitia mashaka. Hata hivyo, mashaka hayo hayakuninufaisha siku nilipoitoa tena ile insha katika saraka.

Niliisoma mara hii bila kalamu. Kidatoga ni lugha ya Kiniloti, na upatanisho wa ngeli kama wetu hakina. Kijana alikuwa akivuka mto ambao mimi nilizaliwa ng'ambo yake. Nikahesabu rangi kumi na mbili za ng'ombe. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilizijua tano. Zile alizokosea jina alizitungia mwenyewe: pale aliposema "ndama wa jivu la asubuhi" nilikuwa nimepiga mistari miwili na kuandika pembeni, "Haieleweki."

Ilinichukua muda kuipata namba yake ya simu kwa wenzake. Alikuwa Katesh, akiuza dawa za mifugo.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, kwa sauti ile ile ndogo.

"Marahaba." Nikamwomba radhi, kisha nikamwomba idhini ya kuwasomea wanafunzi wangu insha yake. Alinyamaza kitambo.

"Utawaonyesha na ile mistari?"

Nilimwambia kwamba nitainakili kwa mkono wangu, kwa wino mweusi, wala sitagusa ngeli hata moja. Akaniambia kuwa hizo ngeli nizirekebishe tu, hazimsumbui tena. Ila pana kosa moja ambalo sikuliona. Yule ndama, alisema, alikuwa wa jivu la jioni.